Nilimpeleka mama wa Kizungu kuona nyumba aliyokulia Kongwa enzi za karanga, bibi yangu akamwambia kitu sijakisahau mpaka leo

mwanakongwa

Wakuu habari za saa hizi. Hii nimekaa nayo tangu Septemba 2018, nimeshawasimulia watu wawili watatu kwa mdomo, ila mwezi uliopita nimepita pale tena nikaumia sana nikasema hapana, ngoja niiandike yote. Ni ndefu, mwenye haraka arudi jioni.

Mimi ni mzaliwa wa Kongwa, Mgogo, kazi yangu ni kuendesha gari za wageni hapa Dodoma. Siku moja jamaa yangu wa gesti akanipigia, kuna mama mtu mzima katoka Uingereza, yuko na mjukuu wake wa kiume, anatafuta mtu anayezijua nyumba za karanga za Kongwa, hataki mbuga wala nini, anataka nyumba tu. Nikamwambia umempata, mimi babu yangu alikuwa mpishi kwenye nyumba mojawapo na baba yangu kazaliwa kwenye kota ya nyuma.

Kwa wasiojua, mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa kulima karanga. Vita imeisha, kwao hakuna mafuta ya kupikia, wakapiga hesabu kwamba Tanganyika kuna pori tele, tufyeke ekari zaidi ya milioni 3 tupande karanga. Kongwa ndio ikaanza, halafu Urambo na Nachingwea. Zikaletwa matrekta kuukuu zilizobaki kwenye vita, mengine yalikuwa vifaru kabisa yakageuzwa trekta. Reli ikatolewa Msagali ikaja mpaka Kongwa. Mwisho wa 1947 walikuwa wamepanda kama ekari 7,500 hivi, na Januari 1951 serikali yao ikatangaza basi, mradi umekufa, pauni kama milioni 36 zimezama. Udongo wetu ule mwekundu ukinyeshewa unashika, ukipigwa jua unakuwa tofali, karanga imo chini na jembe haliingii, mashine zinakatika. Wazee wa hapa walikuwa wanalima uwele na mtama kwa sababu wanaijua mvua ya Ugogo ilivyo, inakuja siku tatu inapotea wiki tatu.

Sasa huyu mama alikuja Kongwa ana miaka sita, baba yake fundi wa matrekta. Wakaondoka mradi ulipofungwa, yeye ana miaka tisa. Hajarudi tena mpaka siku hiyo yuko kwenye siti ya mbele ya gari yangu ana miaka 75, kashika bahasha ya picha kwa mikono miwili.

Naendelea.

mwanakongwa

Tulitoka Dodoma saa kumi na mbili asubuhi. Tulipofika Mbande tukaacha lami ya Morogoro tukakata kulia kuelekea Kongwa, yule mama akaacha kuongea kabisa. Anaangalia milima. Mjukuu wake akamuuliza kitu hakujibu. Halafu akanigusa bega akasema "mbukwa". Mimi nikashtuka nikaitikia, maana hiyo ni salamu yetu Wagogo, Mswahili wa Dar hawezi kuijua. Kiswahili chote kimemtoka, miaka 67 hakuongea na mtu, kimebaki "maji moto", "pole pole", "kuja hapa" na hiyo mbukwa.

Nyumba za karanga zimebaki moja moja. Nyingine wanaishi watumishi, nyingine zimetengenezwa vizuri, nyingine zimeachwa tu. Yeye alikuwa na picha ya nyumba yao imepigwa kwa mbele, kilima kinaonekana nyuma na mbuyu mmoja pembeni umegawanyika shina kama watu wawili wamegeuziana migongo. Nikautambua mbuyu kabla ya nyumba. Nilicheza pale utotoni, tuliuita jina la Kigogo ambalo maana yake ni waliogombana.

Nyumba yenyewe wakuu… mabati ya upande mmoja yameondoka yote. Sijui ni upepo, sijui ni watu, nadhani vyote viwili. Dari imeliwa na mchwa, inaning'inia vipande, popo wamejaa na ile harufu yao inakupiga kabla hujaingia. Wavu wa mbu wa kwenye veranda umebaki kona moja, umekuwa na kutu mpaka ukiugusa unamwagika kama ugoro. Ila sakafu! Ile sakafu nyekundu waliyokuwa wanaipiga nta, ukifuta vumbi kwa kiganja inang'aa bado. Yule mama akapiga magoti akaifuta sehemu kubwa kama sinia, akaweka shavu lake pale chini. Mjukuu akataka kumwinua nikamfanyia ishara muache.

Hakulia. Akazunguka vyumba anataja: hapa kitanda changu, hapa redio ya baba, hapa bafu. Nje ya ukuta wa bafu bado yapo yale matofali ya kuwekea pipa, mpishi alikuwa anawasha kuni chini maji ya moto yanapita kwenye bomba yanaingia ndani. Pipa lenyewe hakuna.

Halafu tukaenda jikoni, jiko liko nyuma peke yake limeunganishwa na nyumba kwa kibaraza. Kwenye ngazi ya mlango wa jiko, ile ngazi ya simenti, kuna bonde. Kama mtu kakata kipande cha tikiti kwa kijiko, refu kama kiganja, laini ndani kabisa. Mimi nimepita ngazi hiyo mara mia utotoni sijawahi kujiuliza. Yule mama akalionyesha akamwambia mjukuu wake (mjukuu akanieleza kwa Kiingereza cha taratibu), hapa mpishi wetu alikuwa ananoa kisu kila asubuhi, mimi nikiwa kitandani nasikia shhh, shhh, shhh, najua kumekucha na chai inakuja. Akasema ndiyo sauti ya utotoni mwake anayoipenda kuliko zote, na mpaka leo akikosa usingizi kwao anaikumbuka hiyo ndio analala.

Nikasimama pale natazama lile bonde. Simenti wakuu. Mtu kaimaliza simenti kwa kisu ndani ya miaka mitatu minne.

Mnyalu_wa_Kihesa

Mkuu endelea nimekaa. Hiyo shule ya watoto wa kizungu ya Kongwa baada ya mradi kufa iliendelea miaka kadhaa halafu ndio wakaja kujengewa huku Iringa, ile ambayo sasa ni Mkwawa. Kuna wazee huku walikuwa wanasema hao watoto wa mwanzo waliitwa "wa Kongwa" hata baada ya kuhamia.

karafuu_tamu

Samahani mkuu ila hii kidogo naona kama chai, stori ya kutunga. Mzungu anatoka Uingereza anakutana na dereva ambaye babu yake alikuwa mpishi wao? Inakuwa rahisi mno.

mwanakongwa

Karafuu_tamu una haki kuuliza, na subiri, kwa sababu hata yule mama alidhani hivyohivyo. Ndio sehemu iliyoniuma.

Nilipomwambia babu yangu alikuwa mpishi line hiyohiyo ya nyumba, akanishika mkono hakuuachia. Akaanza kunieleza mpishi wao: mrefu, kidole cha pete cha mkono wa kushoto kimekatika nusu, anaimba anapokanda mkate. Jina hakulijua. Walimwita kwa siku ya wiki aliyoanza kazi, siku gani siiandiki hapa, na sababu nitaisema mwisho. Akaniuliza babu yangu alikuwa na vidole vyote? Babu kafa mimi bado mtoto mdogo, sikumbuki vidole vyake. Nikamwambia bibi yupo hai, twende.

Bibi yangu wakati huo alikuwa anakaribia tisini, macho hafifu ila kichwa kiko sawasawa. Anakaa kwa shangazi, si mbali. Tukafika yuko nje kwenye kivuli anachambua mlenda. Yule mama akatangulia, akainama akasema "mbukwa". Bibi akaitikia akamtazama kwa muda mrefu, akamuita karibu, akampapasa uso kwa mikono yake yenye majani ya mlenda. Sisi wote tumenyamaza. Halafu bibi akasema kwa Kigogo:

"Huyu si mtoto wetu."

Nikamtafsiria mjukuu, mjukuu akamwambia bibi yake. Wakuu, sijaona uso wa mtu mzima ukianguka vile.

Bibi akaeleza. Nyumba waliyokaa yeye na babu ilikuwa ya nne kutoka kwenye mbuyu, bwana wao hakuwa na watoto, alikuwa na mbwa wawili. Nyumba ya kwenye mbuyu mpishi alikuwa mtu wa kuja, wa Tabora huko, Mnyamwezi au Msukuma bibi hana uhakika, ila kidole kilichokatika anakikumbuka. Akasema huyo ndiye aliyemfundisha babu kupika mkate. Mradi ulipofungwa watu wote wa kuja walipanda treni siku moja, hakuagana na mtu maana hakukuwa na nafasi ya kuagana, na jina lake la kwao hata yeye bibi hakulijua, kota nzima walimwita lile la wazungu.

mama_wawili_makulu

Nimesoma hapo kwenye "huyu si mtoto wetu" nimeweka simu chini kwanza. Babu mzaa mama alikuwa kibarua huko Kongwa, kazi ya kung'oa visiki, alitusimulia nyuki. Alisema trekta likigonga mbuyu nyuki wanatoka kama moshi, dereva anaruka, watu wanapelekwa hospitali wamevimba hawatambuliki.

mwanakongwa

Mama Wawili hiyo ni kweli, hata bibi aliisema siku ile, na akasema wazee waliwaambia mapema msiiguse mibuyu fulani, maana mingine ilikuwa ya matambiko. Hawakusikilizwa.

Sasa nirudi. Shangazi akaleta viti na chai, na wale wazee wawili wakakaa pamoja zaidi ya saa mbili, mimi natafsiri kwenda mjukuu, mjukuu anamalizia. Yule mama akamweleza bibi ile sauti ya kisu, shhh shhh, akamuigizia kwa mkono. Akasema jinsi ilivyomliwaza. Bibi akasikiliza vizuri mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema:

"Ile ilikuwa saa kumi alfajiri. Mwanaume ameamka hajala, anatafuta kuni, anawasha pipa, ananoa. Bwana akiamka kisu butu nyama imekatwa vibaya, mshahara unapungua. Mimi nikisikia ile sauti nilikuwa nauma shuka, mtoto ataamka. Na kila jiko pale lilikuwa na shimo hilo. Nenda kaangalie. Yote."

Hakusema kwa hasira. Bibi yangu si mtu wa hasira, alisema kama mtu anayekuelekeza njia. Nilitaka kuipunguza makali kwenye tafsiri, ulimi ukakataa, nikaitoa kama ilivyo. Yule mama akanyamaza sana. Halafu akauliza swali moja tu: kota ilikuwa mbali kiasi gani na nyumba? Kwa sababu yeye kwenye kumbukumbu yake kota ziko mbali, ng'ambo ya kitu fulani, alikuwa haruhusiwi kwenda.

Tulirudi jioni ile kabla jua halijazama nikahesabu mbele yake. Hatua 22 kutoka mlango wa jiko mpaka mlango wa kota. Chumba kimoja, mlango wa kuinama, kidirisha kama kitabu. Akaingia ndani akasimama katikati akanyoosha mikono, vidole vyake vilibakiza kidogo tu kugusa kuta pande zote mbili.

Bibi alimwambia na jambo la maji pia. Maji ya wakubwa yalikuja na lori, wao wakafukua mchanga kwenye korongo kama wanavyofukua Wagogo wote kiangazi, na siku lori likikwama walikuwa wanatumwa kuwafukulia hata wazungu. Yule mama akasema alikuwa anaoga kila jioni kwenye beseni limejaa. Alisema tu hivyo, hakuongeza.

kijana_wa_Urambo

Huku kwetu Urambo afadhali, baada ya karanga wakaingiza tumbaku na mpaka leo ndio inatulisha. Ila mkuu mimi niseme ukweli wangu: hizo nyumba bomoeni tu. Ni kumbukumbu ya kunyanyaswa, tuzitunze za nini? Jengeni zahanati.

mtu_wa_kusini

Naungana na wa Urambo nusu. Nachingwea nako reli ilitandikwa, ikaja kung'olewa, bandari ya Mtwara ndio faida iliyobaki. Lakini Farm 17 lilikuwa shamba la karanga, baadaye wakakaa Frelimo. Ukibomoa la mkoloni umebomoa na la mpigania uhuru, jengo ni hilohilo.

mwanakongwa

Mtu wa Kusini umenisaidia, hapo ndipo nilikuwa naenda. Kijana wa Urambo nakuelewa, sikukatalii hisia yako hata kidogo, na zahanati naitaka. Ila sikiliza.

Kongwa kuanzia 1964 ndiko walikowekwa wapigania uhuru. Frelimo ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na wengine. Samora Machel kapita Kongwa. Chris Hani wa ANC kakaa Kongwa. Na walifikia wapi? Majengo ya karanga na ile stesheni iliyoachwa, ndio yaliyokuwepo. Wengine wamezikwa hapa hapa, makaburi yapo. Bibi alikuwa anawauzia mayai na ubuyu, anasema vijana wa Kusini walikuwa na heshima, wanamwita mama na wanapokea mzigo kichwani kwake. Baba yangu alijifunza nyimbo zao kwa kuchungulia uani.

Kwa hiyo ukuta ule unaosema ni wa mkoloni, tofali limefyatuliwa na Mgogo na Mnyamwezi, jiko limepikiwa na babu zetu, chumba kimelaza watu walioenda kuikomboa Msumbiji na Namibia. Mzungu alikaa pale miaka minne. Sisi tuna miaka zaidi ya sabini pale. Mimi nikiona bati linang'olewa sioni mali ya mzungu inaliwa, naona lile bonde la kisu linanyeshewa.

Mwezi uliopita ndio nimekuta wamevunja ngazi ya jiko moja, la nyumba ya tatu, nadhani walitaka kokoto za kujazia shimo barabarani. Niliuliza ofisi inayohusika nani mwenye nyumba zile, nikazungushwa meza tatu, kila meza inasema si yetu. Sitaji ofisi, sina ugomvi na mtu. Nikaenda na futi na simu nikapiga picha majiko yote yaliyobaki kwenye line ile, matano. Bibi alisema kweli. Yote matano yana bonde. La nyumba ya nne kutoka kwenye mbuyu, la babu yangu, ndio refu kuliko yote. Nililaza vidole vyangu vinne ndani vikaingia.

karafuu_tamu

Mkuu naomba radhi kwa ile chai. Yule mama bado mnawasiliana? Na bibi?

mwanakongwa

Hamna shida ndugu yangu.

Bibi katangulia mbele ya haki 2021. Yule mama alituma barua ndefu ya pole, na ndani akaweka nakala za picha zote za bahasha ile. Kuna moja ipo jikoni, mama yake kasimama mbele anacheka na nyuma kwenye mlango kuna mwanaume mrefu, kakatwa uso na kivuli, mkono wa kushoto umeshika fremu ya mlango. Kidole kinaonekana. Nyuma ya picha wameandika tarehe na jina la mama yake tu.

Bado yuko hai, ana miaka themanini na kitu, haoni vizuri, mjukuu ndiye anayeandika. Kila barua inauliza kitu kimoja: mmempata?

Ndio sababu ya huu uzi. Natafuta familia ya mpishi huyo. Alikuwa Kongwa kuanzia kama 1948 mpaka karanga zilipokufa 1951, akapanda treni kurudi upande wa Tabora, inawezekana ni Nzega, Urambo, Kahama huko, sijui. Mrefu, kidole cha pete kushoto nusu, mtaalamu wa mkate, muimbaji. Inawezekana nyumbani mlimsikia akisema aliwahi kumlea mtoto wa kizungu, au akisema alimfundisha Mgogo mmoja kupika mkate. Alikuwa na jina la kizungu la siku ya wiki. Atakayeniandikia inbox akanitajia siku hiyo bila mimi kumwambia, nitajua ndio wenyewe, na picha nitaileta mwenyewe kwa gari yangu.

Kijana wa Urambo na wewe uliza wazee hapo kwenu tafadhali.

kijana_wa_Urambo

Nimekuelewa mkuu. Kesho naenda kwa babu mmoja alikuwa reli, yuko Kaliua. Nitumie hiyo picha ya mkono.